Viwiko vya Mjukuu Wangu

Shoga, unakumbuka nilivyomsema mkwe wangu, mume wa binti yangu, kuwa ukoo wao ndio uliompinda mjukuu wangu viwiko?

Leo daktari katuchorea chembe ya mwili, mfano wa yai. Kiini kina ngozi yake, na protini ya kuishikilia ngozi hiyo mtoto hana. Ndiyo maana misuli inachakaa. Moyo nao ni msuli.

Akaniuliza, "Bibi, kwenu kuna mwanamume mwenye viwiko hivi?"

"Marehemu kaka yangu. Alianguka ghafla, bado kijana."

"Basi kasoro hii imepitia kwako, ikaja kwa binti yako."

Kwangu. Shoga, kwangu!

Mkwe kanishikia mkoba wangu muda wote huo. Mwezi mzima namnyamazisha akitaja upasuaji wa moyo wa mtoto. Akakohoa.

"Mama, nataka mwanangu awekewe mashine ya moyo."