Nililisifu Jua Kabla ya Kuliona

Jumamosi. Jua kali, upepo wa vumbi, moyo mwepesi.

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma wote wa Ipagala kwamba leo, saa nane mchana, mimi mwalimu wa jiografia nimelitazama jua kwa darubini na kulimwagia sifa hadharani. Wananchi waendelee na shughuli zao.

Tulikwenda na mke wangu, Mama Neema, kwenye kituo cha kutazamia anga kilicho mlimani, upande wa Hombolo. Yeye alifuata matembezi. Mimi nilipeleka hofu yangu. Marehemu baba alipofika umri huu, macho yalianza kumwacha, na miezi ya karibuni nami nasahihisha madaftari barazani, mchana tu, nikiusingizia umeme. Nilijiambia: nikiliona doa la jua, basi macho bado yapo. Sikumwambia mtu.

Kwenye foleni walikuwepo wanafunzi. Walipoona mvi zangu wakasogea pembeni. "Shikamoo mzee. Tangulia tu." Heshima kama hiyo unaikataaje? Nikatangulia, nikainama, nikaweka jicho.

Giza.

Nikabadili jicho. Giza lile lile.

"Unaona, Baba Neema?"

"Naona," nikasema. "Madoa yamejitokeza vizuri sana."

Dada anayehudumia akakohoa kidogo. "Samahani mzee. Kundi likimaliza huwa tunaifunika. Kifuniko bado sijakitoa."

Wanafunzi walijitahidi wasicheke, wakashindwa. Mke wangu hakujitahidi. "Hebu tusimulie tena hayo madoa, mwalimu."

Kifuniko kilipotoka, jua likaja, rangi ya chungwa, na doa moja jeusi, dogo kama punje ya uwele. Nililiona. Nililitazama mpaka foleni ikaanza kuguna.

Baadaye tukaingia kwenye ukumbi wa kuba, taa zikazimwa, nyota za mashine zikajaa darini, na msimuliaji akaanza kuzitaja moja moja. Sasa niandike ukweli. Pale kwenye darubini nilicheka kuliko wote ili machozi yasigundulike. Humo ukumbini yalitoka tena, na sikuwa na kicheko cha kuyafichia. Mama Neema akanishika mkono. Nikamnong'oneza habari ya baba, na ya madaftari.

"Najua," akasema. "Tangu ulipoanza kunipa simu nikusomee meseji. Jumatatu tunakwenda kupima macho."

Nikasema sawa. Nikaegemea kiti, nikaendelea kutazama nyota ambazo msimuliaji alikuwa ameshazipita.