Jukwaa Letu Limepata Mtu wa Pili

Shoga yangu Mwanaidi,

Tumeshinda! Wewe ungeanza na umbea kwanza, mimi naanza na hilo. Tumeigiza, na mlima mzima umetuitikia.

Tulipokuzika, wenzetu wa kikundi walisema basi, igizo life. Malkia aliyefunga chemchemi ulikuwa wewe, mimi mzee anayemsihi. Sasa angebaki nani? Niliwaka! Nikawakumbusha uani kwako, mtaa wa Mafiga, ulivyokuwa unakoroga gundi ya unga wa muhogo na kupaka vitambaa vya kanga kuukuu tutengeneze vinyago, huku unatusimulia Wagiriki wa kale. Kwamba mwanzo lilikuwepo kundi tu, likiimba na kucheza kwa ajili ya mungu wao wa mvinyo, hadi mmoja akatoka kundini akaanza kujibizana na wenzake. Tamthilia ikazaliwa hapo. Mwigizaji wa pili alikuja baadaye, kisha wa tatu. Kabla yao yule mmoja alitosha, alibadilisha vinyago tu. "Na wote wanaume, jamani! Hata malkia mwanaume!" Ulifoka mpaka gundi ikakurukia puani.

Basi nikasema, nitakuwa wote wawili.

Tulichagua shamba la mteremkoni juu ya mji, watu wakakaa kwenye matuta ya ngazi, sisi chini uwanjani, kama ulivyotaka. Mama yako alikaa mbele. Tangu msiba alikuwa haongei na mtu. Nilimwogopa yeye kuliko wote: nikivaa uso wako, je, akiinuka akaondoka?

Nikavaa. Mwanaidi, kinyago chako bado kinanukia udi. Kundi likaimba, "Malkia, fungua maji!" Mimi nikabaki nimekishika kinyago kwa mikono miwili, nakinusa. Likarudia. Ndipo nikamsikia mama yako, peke yake, kwa ile sauti yake ya kuongozea ngoma: "Fungua, mwanangu!" Ngazi zote zikaitikia nyuma yake. Nikaachia kwanza kile kicheko chako cha kiburi, halafu nikafungua, shoga! Vigelegele vilipigwa hadi nikasahau kulia.

Asubuhi yake mama yako akanigongea mlango. Nikampa shikamoo, akasema marahaba, mkono ameshaunyoosha. "Nipe kinyago cha mzee. Wewe baki na malkia."

Pumzika, shoga yangu. Nakulilia bado, nisikudanganye. Lakini tumeshakuwa wawili. Wa tatu nitamtafuta mpaka nimpate, na nakuahidi, atakuwa mwanamke.

Zuhura wako