Nani Atamsemea Mama

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya mahakama imefika. Kaka anaomba awe msimamizi wa Mama — wa kila kitu! Akae wapi, atibiwe na nani, atembelewe na nani. Sababu? Eti "mgonjwa hana tena uwezo wa kuamua." Mgonjwa! Mama yake mzazi! Miaka minne tangu kiharusi kimnyang'anye sauti, anayemwogesha ni mimi, anayemlisha ni mimi. Yeye huja Jumapili, anakaa nusu saa, anachezea simu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa wakili wa msaada wa sheria. Msichana mdogo, lakini kichwa anacho. Nikamwambia basi nifanywe msimamizi mimi. Akaniuliza, na mama mwenyewe anataka nini?

Anasema si lazima Mama avuliwe maamuzi yake. Mahakama inaweza kumtambua msaidizi. Msaidizi haamui: anamweleza polepole, anampa muda, kisha anafikisha jibu lake kama lilivyo. Ndiyo! Si ndilo nililokuwa nalipigia kelele siku zote? Akili Mama anazo, kilichokosekana ni ulimi tu. Nimesaini fomu palepale. Ngoja Kaka aone!

Jumanne, 11 Machi

Afisa wa ustawi wa jamii amekuja nyumbani. Kaka naye, kavaa tai — tai, kuja kumwona mama yake! Hata hajakaa vizuri: "Sasa afisa, utamuuliza nini mtu asiyeweza hata kutaja jina lake?" Mbele yake hivyo! Nikamwambia ashike adabu yake. Afisa akatunyamazisha wote wawili.

Akaweka mezani picha mbili alizochapa kwenye karatasi: nyumba yangu, nyumba ya Kaka. Akamuuliza Mama taratibu, ungependa kuishi wapi? Mama hawezi tena kuandika, ila chaki yake ya ufundi cherehani haimtoki mfukoni. Akaitoa. Akafikiri kitambo. Akapiga X kubwa juu ya nyumba yangu.

"Vizuri, amechagua kwa binti yake," afisa akasema, akaandika. Kaka akatoka bila kuaga.

Sikumsahihisha afisa. Nimeshona na Mama duka moja miaka kumi na moja. Kaka hajawahi kushika hata sindano, angejuaje? Mama hapigi X kwenye kinachobaki. Anapiga kwenye mshono wa kufumuliwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwekea nakala za picha alizotuachia afisa, tukiwa wawili tu. X ileile, palepale. Ile ya Kaka akainyoosha kwa kiganja, kama anaipiga pasi.

Kwa Kaka! Kwa yule! Nimekasirika! Nikamuuliza, Mama, nimekukosea nini? Akanigeuza, akanipiga X ya chaki kiunoni, pale panaponiuma tangu nianze kumbeba.

Nani kamwomba anihurumie? Kiuno ni changu! Hiyo si sababu ya mtu kuhama. Afisa ameshaandika alichoandika, sikumtuma mimi.

Blauzi sijaifua bado.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwenye benchi, kwenye korido ya mahakama. Hakimu amesoma ripoti: amechagua kwa binti. Kaka akasimama. Nikajua hapa ni vita. Akasema tu, kama Mama kasema hivyo mwenyewe, yeye anaondoa ombi lake. Hata ungwana wake unaniudhi!

Kisha hakimu akanigeukia. Wewe ndiye msaidizi aliyependekezwa, utaapa kwamba jibu hili ni la mama yako, kama alivyolitoa?

Nikasema Mama anahitaji choo. Tumepewa dakika kumi. Mama hahitaji choo! Amekaa hapa kando yangu, anaiangalia kalamu.

Aliyesema Mama ana akili zake ni nani? Si mimi? Nimelisema mpaka koo likakauka, kwa afisa, kwa wakili, kwa Kaka mwenyewe. Na nilimaanisha.

Karani kafungua mlango, anatuita. Nimemwambia dakika moja. Mama hajaningoja — kashika ukingo wa benchi, anajaribu kusimama mwenyewe.