Tambara Ndani ya Bomba

Mpendwa mshauri Mama Cecilia, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia usitaje redioni jina langu wala la mtu yeyote niliyemwandika humu, maana hapa Chiwata redio ya mtu mmoja husikilizwa na ukoo mzima.

Mume wangu ni fundi uashi. Baada ya biashara kuachiwa huru walikuja watu wa mradi, wakaungana na mwenye duka la bati wa Masasi na mafundi wa huku, wakasema nyumba yenye kuta nene, madirisha yanayofunga vizuri na jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi, yaani nyumba isiyokula kuni, itapigiliwa juu ya mlango kibao kilichochorwa miale ya jua, mmoja au miwili, na iliyo bora kabisa mitatu. Yetu ilikuwa ya kwanza kupata mitatu. Mama, sidanganyi, jiko lile nililipenda, kuni za siku moja zikawa zinakwenda hadi nasahau nilizileta lini, na mume wangu akaanza kuitwa kujenga huko Lisekese, mara huko Nanganga, kila mtu anataka kibao.

Tatizo ni mbegu. Sisi mahindi ya mbegu tunayaweka kwenye uchaga juu ya moto yapigwe moshi ili wadudu fukusi wasiyaguse, ndivyo alivyofanya mama yangu na mama yake, sasa bomba likawa linatoa moshi wote nje, mbegu yetu ikaliwa ikabaki unga, tukapanda ya dukani nayo ikaota huku na kule kama nywele za mgonjwa. Msimu huu nikasema sikubali. Mume wangu akitoka kwenda kazini kwake naziba bomba kwa tambara bichi, nafunga mlango na dirisha ili moshi upande hadi kwenye uchaga, naacha makaa yajifie yenyewe, mimi naenda shamba. Mbegu zikapona, nikafurahi, na furaha ikaniponza, nikamwambia jirani yangu Zena, yeye mumewe naye ana kibao, naye akaanza kuziba la kwake, na sijui Zena kamwambia nani.

Juzi nilirudi kutoka kuteka maji nikamkuta mama mkwe amelala sakafuni jikoni, alikuwa ameingia kuota moto kwa ajili ya baridi hii. Nilimwita haitiki. Nikamburuta hadi uani, nikammwagia maji, nikalia, mwisho akafumbua macho akatapika. Watu wakasema kibao kina mashetani, mume wangu akasema ni uzee. Mama mkwe mwenyewe aliningoja tukiwa wawili akaniambia, "Mwanangu, moshi wa zamani ulikuwa unanikohoza nikaamka. Huu wa leo umenibembeleza." Tangu hapo ananitazama tu.

Mama, naogopa. Hivi karibuni watagawa vibao vingi Newala na mume wangu ndiye atakayesimama kushuhudia mbele ya watu, na amekwisha sema atakayekichafua kibao hiki amemchafua yeye, akafungashe aende kwao. Nikisema, nyumba yangu imevunjika. Nikinyamaza, naogopa. Hata kwa Zena siendi, ingawa amejifungua na yumo kwenye arobaini, anashinda na kulala humo humo jikoni apate joto, nasikia kichwa kinamsumbua lakini anamshukuru Mungu mtoto ni mpole sana, halii. Nifanye nini nisiachike?

Mimi mwenye hofu.

Mama Cecilia anajibu

Marahaba, binti yangu. Nimeziruka barua zote zilizotangulia nikaanza na yako.

Umeandika karatasi nzima kuhusu kibao na ndoa, halafu ukamtupia mtoto mchanga mstari mmoja mwishoni! Mtoto wa arobaini asiyelia, mama yake anaumwa kichwa, wamefungiwa na makaa ndani ya chumba chenye bomba lililozibwa. Huo si upole. Makaa yanayokosa pa kupumulia hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, ndiyo iliyombembeleza mkweo, na kama ungechelewa kisimani sasa hivi ungekuwa unaniandikia mambo ya msiba.

Ninakuhurumia. Waliokuja na vibao walipima kuni, hawakuuliza hata mwanamke mmoja mbegu atazitunza wapi. Hilo ni kosa lao na la mumeo. Lakini tambara ni lako, na Zena ulimfundisha wewe.

Mbegu zina njia. Mwambie mumeo ajenge kibanda uani, wazi pande zote, mafiga matatu chini na uchaga juu, moshi ujiendee. Au zichanganye na majivu makavu kwenye debe, ufunge kabisa. Mweleze mbele ya mama yake, maana mkweo anajua kila kitu na amekustahi kwa kunyamaza. Akasimame Newala aseme hivi: kibao kisipigiliwe kwenye nyumba yoyote kabla kibanda cha mbegu hakijajengwa, na kila bomba lichunguliwe. Fundi anayesema hivyo hachafuki. Akikufukuza kwa hilo, nenda, utakwenda ukiwa hujamzika mtoto wa mwenzio.

Lakini hayo ni ya baadaye. Sasa hivi inuka uende kwa jirani yako. Usibishe hodi ukangoja karibu. Fungua mlango, fungua dirisha, watoe wote wawili nje, arobaini haiharibiki kwa mama kukaa barazani na mwanawe kifuani. Kisha ng'oa tambara, na wapelekwe zahanati hata kama wanacheka.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La jirani yako nimelisoma makusudi, kwa sababu barua ilikaa njiani na sijui kama wewe umepata ujasiri. Zena wa Chiwata, kama redio iko karibu nawe, mchukue mtoto utoke nje. Na wewe uliye karibu na Zena, iache redio iseme peke yake. Kimbia.