Neno Nililofundisha Jumatatu

Jumatatu, 3 Juni 2013. Kakuma

Darasa la Kiingereza la kina mama wakimbizi mchana, mabati yakichoma kama kikaango. Maneno ya leo: "early", "soon", "late", "sorry". Haya madogo ndiyo yanayosumbua. "Soon" walitaka niwaambie ni lini hasa. Nikasema ni karibuni, lakini usisimame mlangoni kungoja. Wakacheka.

"Late" ni kuchelewa. Nikaongeza, nikijiona mjanja, kwamba hapa Kenya ukiambiwa mtu ni "late", jua amefariki.

Mama Neema akaguna. "Sasa mufu amechelewa wapi, mwalimu?"

Nikageukia ubao. Mama Neema ni Mkongo wa Bukavu, mwanafunzi wangu bora. Leo hakutulia. Mumewe, Baraka, ngiri imembana, amepelekwa hospitali Lodwar. Watampasua. Yeye amebaki na mtoto anayenyonya.

Jumatano, 5 Juni

Baraka alipasuliwa jana. Amepiga simu mwenyewe, sauti ya mtu aliye kisimani. Gari la shirika litamrudisha Ijumaa. Mama Neema amefua mapazia yote. Vumbi limeyarudia kabla hayajakauka. Hajali. Anaimba.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya.

Nilikuwa nafua nikaitwa na Halima, Msomali, jirani ya Mama Neema, naye yuko darasani kwangu. Alikuwa amevaa ndara mguu mmoja. "Mwalimu, mume wa Mama Neema amekufa."

Tulipofika mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Wakongo wanaingia, wanaketi, wanalia. Mama Neema yuko chini, kitenge kimemfunguka kichwani. Aliponiona akanishika mkono, akanieleza kwa utulivu ulionitisha. Kijana wa ofisi ya magari ya shirika alimpigia. Kwa Kiingereza. Akayarudia maneno yake, kila neno mahali pake: "Your husband is late. He will not come today. Sorry."

"Nilisikia muzuri, mwalimu. Sikukosea, eh?"



Nikamuuliza kijana alisema nini baada ya hapo. Hajui. Alitupa simu.

Maneno yale yale angeyasema mtu aliyemaanisha mgonjwa amechelewa, haji leo, pole. Yale yale kabisa. Nimepiga ile namba ya ofisi, inaita bure. Simu ya Baraka imezimwa. Jioni mtandao umepotea Kakuma nzima.

Sikumwambia. Nikimwambia huenda mumewe yu hai, kisha ikawa kweli amekufa, nitakuwa nimemuua mara ya pili mbele yake. Nimekaa kwenye mkeka kama mwizi. Namchukia yule kijana. Nauchukia mdomo wangu.

Nimemweleza Halima peke yake. Hakunilaumu. "Nenda Lodwar ukaone kwa macho. Mimi nitakaa naye. Mtoto nitamshika."

Jumamosi, 8 Juni. Lodwar

Nimepata lori lililoteremka kutoka Lokichoggio, tupu, askari wawili juu. Wiki hii kuna gari lilipigwa risasi njiani. Kila tulipokaribia laga, yale mabonde ya mito mikavu, dereva aliacha kuongea, akakaza mikono kwenye usukani. Mimi sikuwaza majambazi. Niliwaza nitarudi na sentensi gani.

Hospitali. Wodi ya wanaume, wakanionyesha kitanda chake. Kitupu. Godoro limekunjwa.

Nesi, Mturkana wa makamo, akanisalimu, "Ejok." Nilijibu kwa shida. Nikauliza wa kitanda hiki yuko wapi.

"Huyo? Alienda."

"Alienda wapi?"

Akaitwa na mgonjwa mwingine. Akamsaidia kugeuka, akamfunika, akanawa mikono.  Nilishika chuma cha kitanda. Aliporudi nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Madam, nini? Iko wodi ile ingine. Homa ilimpata jana, daktari akakataa gari isimbebe."

Nilimkuta Baraka ameegemea ukuta anakunywa uji, analalamika hauna sukari. Nikaketi sakafuni. Hivyo tu, na nguo yangu nzuri.

"Mwalimu, unalilia nini?"

Nikamwambia. Alitaka kucheka, mshono ukamkataza. Halafu uso ukabadilika.

"Wameshanililia?"

"Tangu jana."

Akaweka kikombe chini.

Jioni mtandao ukarudi. Nikampata Halima, nikasema, yu hai, mpe simu Mama Neema mwenyewe. Baraka akaongea: "Mama Neema, ni mimi." Upande ule, pumzi tu. Akarudia jina la mkewe, akarudia tena. Kisha simu ikakatika, na hatukujua kama ni mtandao ama ni yeye.

Nimelala nyumbani kwangu Kanamkemer, hapa hapa Lodwar. Kulala ni neno tu.

Jumatatu, 10 Juni. Kakuma

Nimekwenda ofisi ya magari moja kwa moja. Kijana mpole, kutoka Nairobi, ana mwezi mmoja hapa. Alipoelewa akakaa, akafunika mdomo.

"Madam, nilimaanisha amechelewa. Amekatazwa kusafiri, basi."

"Mbona hukusema kwa Kiswahili?"

"Nilidhani wakimbizi hawakijui."

Nilikuwa nimeandaa matusi njia nzima. Hayakutoka. Kwa nini nimtukane? Mimi nilidhani nimewafundisha Kiingereza.

Jumatano, 12 Juni

Baraka alirudi jana. Watu walimshika mikono, mabega, uso. Mzee mmoja alimfinya sikio. Mama Neema alisimama kando na mtoto, hakusogea.

Leo nimekwenda kuwasalimu. Baraka amelala kwenye mkeka kivulini. Mikeka mingine imerudishwa kwa wenyewe. Nikamwomba Mama Neema msamaha. Akautupilia mbali kwa mkono, kama anafukuza kuku. Si hilo lililomkaa moyoni.

"Mwalimu, nilishamulilia. Usiku ule nilimusamehe yote. Ata ile siku ya vita alituacha na watoto pa njia, akakimbia peke yake. Miaka nilibeba ile kitu. Nikasema, basi, amekufa, nimuachie Mungu." Akamtazama mumewe. "Sasa ameamuka, anaomba chai. Ile kosa nimurudishie, ao niiache kule?"

 

 Upepo ukaleta vumbi kutoka upande wa laga. Nzi walikuwa wamemjaa Baraka usoni. Baada ya muda Mama Neema akanipa mtoto, akainuka, akavua kitenge chake cha begani, akaenda akamfunika.