Kivuli Chako Juu ya Jiwe la Pimbi

Baba,

Mama ameondoka. Naanza na hilo kwa sababu nikilizungukazunguka nitashindwa kuliandika. Jumamosi alipakia nguo zake kwenye gari la kaka Magesa, wakaenda zao Bunda, na mimi binti yako Nyafuru nimebaki hapa Murangi na funguo za nyumba, na kaburi lako uani. Bado napika ugali wa watu wengi. Nakuwa nimeshasonga ndipo nakumbuka, basi nalia juu ya sufuria kama mwendawazimu.

Ilikuwa Siku ya Pimbi, Baba. Sikukuu yako.

Unakumbuka ulivyoianzisha? Tulikuwa wadogo, likizo ya mwezi wa saba, upepo wa ziwa unatukata masikio, ukatutoa kitandani na mablanketi yetu mpaka kwenye mawe nyuma ya nyumba. Ukatuambia yule pimbi mnene anayeishi kwenye ufa ni Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hali ya Hewa. Akitoka kuota jua akakiona kivuli chake, anaogopa, anarudi ndani, na ukame unakaa. Asipokiona, mvua za vuli zinawahi. Tukanywa uji wa ulezi tukitetemeka, tukimngoja mnyama asiyemzidi sungura kana kwamba ni mkuu wa mkoa anakuja.

Na kila mwaka hakuwa na kivuli. Kila mwaka, Baba! Wewe ulisimama kwenye jiwe la juu, upande jua linakotokea, na lile koti lako refu la mtumba na kofia, eti unamzibia njia asikimbilie kwa jirani. Kisha unapaza sauti: "Mheshimiwa hana kivuli! Mama Magesa, toa jembe!" Mama anacheka, anatoa jembe. Baadaye tunacheza vivuli vyetu kwenye ubavu wa jiwe kubwa. Magesa alifanya mamba kwa mikono miwili, mimi nikafanya ng'ombe wa shangazi wa Butiama, yule mwenye pembe moja. Jua linawaka, vivuli vyetu vyote vipo, cha pimbi tu ndicho hakipo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Tulikuwa wajinga, na tulikuwa na raha.

Sasa sikia. Baada ya matanga yako Magesa alimwambia Mama ahamie kwake Bunda, asibaki peke yake na mawe. Siku nyingi Mama hali vizuri, hata bustani haiangalii. Siku moja akasema, "Ngojeni Siku ya Pimbi. Mheshimiwa akisema mvua iko karibu, nalima, sitoki hapa. Akikiona kivuli chake, nafunga nyumba tunaenda." Tulicheka, Baba. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, tulicheka. Tulijua jibu, si hajawahi kuwa na kivuli huyu?

Mimi nilifunga kibanda changu cha ushonaji kule Makoko, nikaja. Magesa akaja na mkewe na Neema wao. Nilikoroga uji, nikachemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga kama ulivyopenda. Mama akakaa kwenye jiwe lake, kitenge mpaka kidevuni. Mahali pako tuliacha wazi, kwa heshima. Nasema kwa heshima! Tuliona tukipakanyaga tutakukosea.

Jua likapanda. Mheshimiwa akatoka, akajinyoosha, na chini yake kikalala kivuli kirefu, cheusi, kina mpaka masikio.

"Shangazi, anacho!" Neema akapiga kelele. "Shangazi, anacho kivuli!"

Nikageuka kuangalia jiwe lako, nikaona mwanga unapita pale ulipokuwa unasimama, unashuka moja kwa moja hadi kwa pimbi. Ndipo nikaelewa. Nikakimbia. Nilipanda kwa mikono na magoti, nikachubuka, nikafika, nikasimama na mikono juu. Mheshimiwa alikuwa ameshaingia shimoni. Kivuli changu kikaangukia jiwe tupu.

Mama alinitazama tu. Akasema taratibu, "Baba yenu alikuwaga anasimama hapo hapo kila mwaka. Mnafikiri sikuwa najua? Mimi nilikuwa nangoja nione ni nani atasimama."

Akainuka, akakung'uta kitenge. "Magesa, washa gari." Magesa alimbembeleza, mimi nilimshika miguu, Neema akalia kwa kuwa sisi tunalia. Hakurudi nyuma. Jembe aliliacha limeegemea mlango.

Baba, kwa nini hukuniambia? Hata neno moja hospitalini, hata kwa utani. Ulinipa maneno ya ng'ombe, ya mashamba, ya kumtunza mama yenu. Hukusema, "Nyafuru, siku ile upande jiwe la juu." Nimekukasirikia, nisamehe, kisha nakasirika tena. Nikimpigia simu anajibu, "Nipo," anakata. Mke wa Magesa anasema anashinda kitandani ameelekea ukutani. Naogopa, Baba. Naogopa nitamzika kabla ya vuli.

Sijarudi Makoko. Nalima shamba lake kwa jembe lile, ardhi ngumu inanirudishia mikono, na majirani wanasema, "Huyu naye anapanda nini kwenye vumbi?" Waseme. Kila asubuhi napanda jiwe lako. Siku za kwanza kivuli changu kiliishia njiani, mimi mfupi bwana, nimemfuata Mama. Jana nikavaa koti lako na kofia yako. Linanuka wewe bado. Mheshimiwa akatoka, akakaa ndani ya kivuli changu, akatafuna majani yake bila wasiwasi.

Nilisema kwa sauti, "Hana kivuli!" Hapakuwa na mtu wa kucheka.

Basi nakuaga, Baba, maana kumekucha na kuna gari la Bunda linalopita mapema. Nitamwambia Mama jiwe la juu lina mtu. Akikataa nitarudi, nitalima, nitakwenda tena kumwambia, na tena. Mwezi wa saba ukirudi, nikiwa hai, akiwa hai, atakaa kwenye jiwe lake nami nitasimama palepale na koti lako, nimdanganye kama ulivyomdanganya, naye ajue, atoe jembe.

Wewe pumzika. Zamu ni yangu.

Mwanao,
Nyafuru