Deo, Sauti Yako Imekwama Kwenye Deki

Deo, swahiba wangu,

Ni mimi Gaspari. Najua ungeucheka mwandiko wangu, shule niliishia la tatu. Lakini waya wa TV wa mji huu nani aliuvuta? Ni mimi. Paa kwa paa, Majengo nzima, na sikuanguka hata mara moja. Wewe na kamera yako ulikuwa unanifuata tu nyuma.

Tangu tukuzike mambo yameharibika. Kituo chetu kimefungwa. Siku hizi kila nyumba ina king'amuzi chake, na vijana wanatazama simu tu, shingo zimepinda. Tajiri wetu, mwenye kituo, ameliuza dishi letu kubwa kwa watu wa vyuma chakavu. Nikasimama mbele ya gari lao, nikasema hamtoki. Wakanibeba, Deo. Mimi! Wakaniweka pembeni kama gunia la mpunga.

Sasa nani atajua kama Mpanda tulikuwa na TV yetu wenyewe? Unamkumbuka yule mfugaji aliyeokota ng'ombe, akamleta mpaka mlangoni kwetu tumwonyeshe kwenye TV, mwenyewe amtambue? Ukamwambia, "Mzee, mgeuze uso, makalio tunayo ya kutosha hapa mjini." Kesho yake mwenye ng'ombe akafika kutoka kijijini Litapunga huko, anahema.

Basi mwanao Eliza akaja kwangu. Arobaini yako imekaribia, akasema, "Baba mdogo, nitafutie kanda yenye baba. Huyu mwanangu bado mdogo, asije akamsahau babu yake." Nikamwambia umefika kwa mwenyewe. Si unanijua. Nikafungua maboksi yote. Deo, haumo! Miaka yote ile upo nyuma ya kamera. Na kanda zilikuwa adimu, tulirekodi juu kwa juu, harusi juu ya ubatizo, msiba juu ya harusi. Mji mzima tumeufuta hivyo hivyo. Zilizobaki, mchwa.

Nikapata moja. Mazishi ya fundi cherehani wa Katumba. Uso wako haupo, ila unafoka, "Nyie watoto, tokeni mbele, mnamziba marehemu!" Halafu unakohoa. Wewe kabisa.

Eliza akataka tumpelekee fundi wa video kwanza, aihamishie kwenye simu. Nikakataa. Deki ile ya kituo nani anaijua kunishinda mimi?

Siku ya arobaini nikaifunga sebuleni kwako, watu wamejaa. Sauti ikatoka. Mkeo Skola alikuwa anapita na sinia la wali, akasimama hapo hapo, hakuliweka chini. Mjukuu wako akaenda kuchungulia nyuma ya TV, anakutafuta. Watu wakaanza kucheka, wengine wanalia. Skola akasema, "Rudisha, shemeji. Rudisha tena."

Nikarudisha. Deki ikaitafuna kanda. Pale pale penye sauti yako, Deo, imekunjamana kama utumbo wa kuku.

Nimeinyoosha kwa vidole. Nimeipitishia pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa. Haikubali. Fundi wa video anasema, "Mzee, kata hapo palipoharibika, uunganishe, kwingine kutacheza." Kwingine kuna nini? Vilio vya watu wa Katumba. Skola naye ananiambia, "Shemeji, kata, tuachane nayo." Nimemjibu sikati. Hajaniitikia salamu tangu siku hiyo.

Wanasema mimi mbishi. Acha waseme. Ubishi huu ndio uliovuta waya mpaka kwa viziwi.

Mtoto anakuja, ananiuliza babu aliyekuwa ndani ya TV ameenda wapi. Nakohoa kama wewe, namfokea kama wewe. Ananitazama tu. Anajua si sauti yenyewe.

Pumzika, ndugu yangu. Kanda ipo kwenye kopo, nimeifunga na nailoni, ipo chini ya mto wangu. Nakuahidi, mkasi hautaigusa nikiwa hai.

Nikishakufa, hapo sijui.

Gaspari